Njia Iliyoishia Ukutani

Fundi cherehani huyu huitwa Sindano, hata na wale anaochora nao ramani mtandaoni, ambao wengi wao hajawahi kukutana nao. Wanatumia programu inayoonyesha dunia kama tufe: unalizungusha, unashuka taratibu, mpaka unayaona mapaa ya mtaa wako. Kazi yao ni kuongeza yasiyomo: visima, shule, vichochoro. Kila mwezi kundi hutoa ukurasa wa habari, na mwezi huu habari ya kwanza ilikuwa ya Sindano. Njia ya mkato aliyoichora, kutoka mtaani kwao hadi zahanati, ilitajwa kuwa kazi bora.

Mume wake, mchomeleaji wa mageti, aliisoma akacheka. "Dunia nzima umeizunguka, mke wangu, na mchuzi unaungua palepale ulipouacha."

Furaha hiyo haikukaa. Jirani yao, dereva wa teksi, alisimama mlangoni akiwa bado ameshika funguo za gari.

"Shemeji, ile njia umewachorea ndege?"

Alikuwa amempakia mama mkwe wake aliyebanwa na pumu. Simu ikamwonyesha njia mpya, akaifuata mpaka pua ya gari ikakaribia kubusu ukuta wa ghala, mrefu, usio na geti. Ikabidi arudi kinyumenyume hadi barabarani. Mama alihudumiwa, anaendelea vizuri. "Lakini alifika akihema pumzi za kukopa," alisema dereva.

Sindano alirudi kwenye picha ya angani aliyochorea. Ule mstari mweupe alioudhania njia ulikuwa mtaro wa bomba uliofukiwa. Kutoka juu, ukuta ni mwembamba kama uzi, na mshona nguo mzima alikuwa ameuruka uzi. Kabla ya kuchora hakwenda kukanyaga. Aliridhika na picha nzuri. Hakujitafutia kisingizio.

Kundi lina desturi: njia iliyokwisha kutangazwa kwenye habari haifutwi mpaka wanachama wawili waifikie kwa miguu, mmoja wao akiwa mhariri. Mhariri, wanayemwita Tai, ana duka la miwani katikati ya mji. Sindano alimpigia simu.

"Subiri toleo lijalo, dada. Tukifuta sasa watasema tunabahatisha."

"Si ndivyo nilivyofanya?"

"Nina mteja," alijibu Tai, akakata.

Wengi wetu tungeishia hapo. Kusema "nimeshawaambia wahusika" ni mto laini, na dhamiri huulalia upesi. Sindano aliacha gauni la mteja likiwa na mkono mmoja, akashika njia ya mjini.

Alimkuta Tai akimpima macho mzee mmoja.

"Tai, unauza miwani na ukuta huuoni!"

Mzee alicheka hadi fremu ikamteleza puani.

"Dada, sifa ni zako," Tai alinong'ona. "Ukiifuta unajivua nguo hadharani."

"Nguo iliyokosewa hufumuliwa, bwana. Haipigwi pasi."

"Basi kesho."

"Na anayeumwa leo? Nimwambie asubiri toleo lijalo?"

Mzee aliivua fremu, akaiweka mezani. "Nenda, mwanangu. Macho haya yameniacha gizani siku nyingi, mchana mmoja hayataona tofauti."

Tai alifunga duka kwa shingo upande. Walipofika mtaani, ule mtaro uliofukiwa ulikuwa na tope, na viatu vyake vilivyong'arishwa vilianza kufanana na ardhi. Ukuta ulipochomoza mbele, alisimama.

"Haya, nimeuona. Yatosha."

"Uguse," alisema Sindano. "Mimi niliona tu, na haya ndiyo yaliyotokea."

Tai akaenda, akaweka kiganja. Kisha akatoa simu akaifuta njia.

Sindano aliandika taarifa kwa kundi zima palepale, ameegemea matofali: "Njia niliyoichora ni ya uongo. Sikuitembea. Msiifuate."

Tai alichungulia. "Uongo? Andika 'haikuwa sahihi sana'."

"Yule mama hakuzuiwa na 'haikuwa sahihi sana'. Alizuiwa na ukuta."

Akaituma kama ilivyo. Majibu yakaanza kudondoka. Wengine walimshukuru. Mmoja aliuliza kama sasa kazi bora itapewa ukuta. Mwingine alitaka afungiwe asichore tena. Aliyasoma yote. Aliwasha kirekodi cha njia kwenye simu, akaanza kulizunguka ghala kuelekea zahanati, kule magari yanakopita kweli. Ni mbali zaidi, na jua lilikuwa kali. Palipokuwa na upenyo kati ya nyumba za watu, Tai alielekeza mkono.

"Tukate hapa, dada?"

"Gari litapita hapo?"

Tai aliutazama ule upenyo, wakaendelea na barabara. Mbele kidogo aliomba wapumzike.

"Tutapumzika zahanati," alisema Sindano bila kugeuka. "Kuna benchi la wagonjwa."