Chapati za Jaya

Sisi wa Matrah, bandari ya huku Uarabuni, miaka ya tisini nyumba tulizijua kwa harufu. Ukisikia jira inakaangwa, hapo kwa Bi Kanta. Udi na mchuzi wa papa, hapo kwetu. Bi Kanta alikuwa Mhindi wa Kigujarati aliyezaliwa Unguja kama mama yangu, na Kiswahili chake kilikishinda chetu sisi watoto. Tukicheza mdako mlangoni pake alitufukuza, kisha akatuita tule ladu. Watoto wa leo wangekosa, maana wakiitwa hawasikii, masikio wameyaziba.

Mwanawe akaleta mke kutoka Bombay. Jaya alishuka kwenye teksi na suruali ya jinzi, nywele kazikata mabegani, nasi wasichana tukampenda hapo hapo. Bi Kanta hakumpenda. Mkamwana huyu alijua kompyuta na keki, lakini chapati zake zilitoka na pembe kama ramani. Bi Kanta akamwambia mama yangu kuwa asiyejua chapati hapewi jiko, na Diwali ikipita hajajua, atamrudisha kwao. Jaya akaja kulia kwetu. Na mimi nikalia, maana nani mwengine angetupaka rangi ya kucha?

Mama akamwambia, "Nyamaza mwanangu, huu unga tu."

Basi kila alasiri, Bi Kanta akilala, Jaya alivuka uchochoro akaja kukanda jikoni kwetu. Kosa hakuna aliyelifikiria. Chapati za kwa Bi Kanta ni nyembamba, zinafura motoni. Mama akamfundisha anazozijua yeye, za kusokota, zenye samli na tabaka.

Siku ya Diwali tulialikwa, na Jaya akaziweka mezani. Bi Kanta akaichambua moja, tabaka kwa tabaka. Akatia mdomoni, akafumba macho.

"Hii ya Unguja," akasema taratibu. "Tangu tutoke kule sijaila."

Akamvutia Jaya kiti, akamkalisha ubavuni pake. Habari ya kurudishwa Bombay haikusikika tena.

Leo Jaya anakaa Hail, mwendo wa gari kutoka Matrah, na yeye ana mkamwana, mtoto mzuri, ila chapati anaziagiza kwa simu. Juzi nikamwambia amlete kwangu nimfundishe, kama Mama, Mungu amrehemu, alivyomfundisha yeye. Jaya akacheka, akaniuliza kwa Kiswahili alichojifunza jikoni kwetu, "Na wewe zako unazipata wapi?"

Zangu zimo kwenye friza, za pakiti. Alasiri zote zile nilikuwepo pale jikoni, na kazi yangu ilikuwa kusubiri ziive.