Kodi ya Nyumba ya Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, wewe ukiwa bado hujazaliwa, baba yako alirudi kutoka kwenye baraza la mwene, chifu wetu, akiwa amenuna. Alikaa kwenye kigogo nje ya nyumba yetu kule Mbozi, akavua kofia, akaniambia kwamba Boma, serikali ya Wazungu, limebadilisha mambo. Zamani nyumba ya mjane haikuhesabiwa. Sasa kila nyumba inayokaliwa ingehesabiwa, na wa kulipa ni mtoto wa kiume wa mjane huyo. Sisi tulikuwa na nyumba mbili, yetu na ile ndogo ya bibi yako, mama mkwe wangu.

Nikueleze nyumba zenyewe. Yetu ilikuwa mpya, ya mtindo wa misheni, yenye dirisha na mlango wa mbao. Baba yako hakutaka moto ndani, moshi usije ukachafua kuta alizozipaka udongo mweupe kwa mkono wake, kwa hiyo nilipika nje, chini ya kipenu. Ya bibi yako ilikuwa ya mviringo, nyeusi ndani kama chungu, na moto wake haukuzimika. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga, na kwenye uchaga huo tuliweka mbegu zetu za mahindi na ulezi, pamoja na chumvi ya Ivuna iliyofungwa kwa majani makavu. Hakuna aliyeona kuutunza moto huo kuwa ni kazi. Nilipoolewa nilikuta iko hivyo.

Baba yako Yohana alikuwa mwepesi wa hesabu, na alipenda watu walijue hilo. Kuilipia nyumba ya pili kungemlazimu aende Lupa kwenye machimbo ya dhahabu, akae huko mwezi mzima. Nyumba ikivunjwa, safari inafutika. Basi alimwendea mama yake, akapiga makofi ya heshima kama tunavyofanya kwa wakubwa.

"Mama, serikali imetubana," alisema. "Naomba niivunje nyumba yako, uhamie kwetu."

Bibi yako alikuwa anapepeta ulezi, na hakuacha kupepeta. "Nyumba uliijenga wewe, unaweza kuivunja. Mimi nina miguu, nitahama. Moto wangu je, utauhamishia wapi?"

"Moto si upo wa mke wangu, Mama, pale nje."

"Haya," alisema, akaendelea na ungo wake.

Niliona aibu, mwanangu, na bado naiona. Kwetu mama halali chini ya paa moja na mwanawe na mkwewe, na Yohana alilijua hilo vizuri kuliko hesabu zake zote. Kwa hiyo kila jioni bibi yako alikunja mkeka wake na kwenda kulala kwa wifi yake ng'ambo ya kijito, na asubuhi akarudi kutwanga nami. Majirani walimwona akipita na ule mkeka. Salamu zao zikawa fupi.

Karani alipokuja kuhesabu, alikuta nyumba moja. Baba yako alifurahi, akakaa wiki nzima akiwaeleza wenzake jinsi ya kuishi na serikali kwa akili. Mimi nilikuwa nimeanza kuwa na mimba yako, nami nilifurahi kwamba haendi Lupa. Huo ndio ukweli.

Mvua zilipokaribia, nilizitoa mbegu pembeni mwa chumba chetu safi, tulikozihamishia. Mahindi yalikuwa yamebunguliwa mpaka ukiyashika yanabaki unga mkononi. Ulezi ulikuwa umeota ukungu. Chumvi, kwa unyevu wa kule milimani, ilikuwa imeyeyuka na kulowesha sakafu. Baba yako alishika gunzi, akaligeuzageuza, akasema mwaka huu wadudu wamezidi.

"Wadudu ni walewale, Yohana," mama yake alimwambia, kwa sauti ya chini tu. "Walikuja kila mwaka. Hamkuwaona kwa sababu nilikuwa nakohoa mimi kwenye moshi."

Baba yako aliliweka gunzi chini. Tulinunua mbegu kwa watu kwa bei waliyotaka wao, maana kila mtu alijua hatuna pengine pa kwenda. Chumvi tuliifuata dukani, kwenye mji mdogo wa Mpemba, na mwenye duka naye alikuwa ameshapandisha, akisema na yeye ametozwa leseni mpya. Baba yako akaenda Lupa hatimaye kutafuta fedha za yote hayo, na alikaa miezi mingi, si mmoja. Ulizaliwa hayupo. Aliyekupokea ni bibi yako, naye alivuka kijito alfajiri kwenye mvua, mkeka kichwani, nami peke yangu ndani nikimsubiri kwa hofu ambayo sitaki kuikumbuka sana.

Baba yako aliporudi, ulikuwa umeshaanza kukaa. Alikutazama, akamtazama mama yake aliyekupakata, akatoka nje. Karani alipofika mwaka ule, alisimama uani, akasema, "Nyumba moja."

"Andika mbili," baba yako alisema.

"Naona moja tu."

"Hata mimi naiona moja. Andika mbili."

Alilipa. Siku ileile akaanza kukata miti, na bibi yako, bila kuambiwa, akachukua jembe akaenda kukanda udongo.

Sasa nimesikia wamepandisha ushuru wa soko, nawe unataka kumwondoa shangazi yako kwenye meza yako ya sokoni, kwa sababu anakaa tu. Sikuzuii. Wakubwa watapandisha na kushusha bila kukuuliza, na anayeamua nini kikatwe nyumbani ni wewe. Ila kabla hujamwambia afungashe, kaa naye sokoni kutwa nzima. Angalia nani anamsalimia, nani ananunua kwa sababu yake, nani anaogopa kuiba akiwa amekaa pale. Kisha ndipo upige hesabu, na umhesabu na yeye.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe riziki isiyoliwa na wadudu, na akujalie macho ya kumwona anayekohoa kwa ajili yako angali hai.