Lori la Ijumaa na Jua la Mzee

Kazi yangu ilikuwa kuuza sabuni, chumvi na mafuta ya taa kwa lori la mzee mmoja mwenye duka Keumbu. Nilijiita karani. Mtu aliyeishia darasa la sita akiweka kalamu sikioni, nani atamshusha?

Mzee alikuwa Msabato kamili, na Sabato yake ilianza Ijumaa jua likizama. Kila Ijumaa asubuhi aliweka mkono juu ya boneti, akatuombea tusafiri salama, tena polepole. Akisema amina tu, anamgeukia dereva: "Jua lisizame lori likiwa njiani. Sabato yangu isivunjwe." Yaani Mungu aliambiwa polepole, dereva akaambiwa haraka.

Dereva alikuwa mtu wa ziwani, wa kusali Jumapili. Ijumaa moja mvua ilitupiga tukiwa soko la Ekerenyo, barabara ikawa uji wa wimbi.

"Tulale hapa," akasema.

"Na mzee je?"

"Mzee ni wako. Shingo ni yangu."

Mimi, kwa kuogopa kufutwa kazi, nikampigia kelele mpaka akawasha gari. Tukikaribia nyumbani, kwa mteremko, lori likateleza, likalala ubavu kwa mtaro. Nilitokea dirishani nimelowa mafuta ya taa kama utambi. Mkono wa dereva ulikuwa umevimba, hawezi kuuinua.

Jua lilikuwa limezama. Watu walikuwa wamemwambia mzee, tukamwona anakuja mbio, suti ya Sabato juu, gambuti za matope miguuni.

"Mzee, sabuni iko salama..." nikaanza.

"Nyamaza na sabuni yako!" Akanipapasa kichwa, mabega, mbavu, kama mtu ananunua mbuzi. Akafika kwa ule mkono wa dereva, akasimama. "Pole, mwanangu."

"Mzee," dereva akasema, "si matope. Ni hilo jua lako."

Nikajua huyo amefutwa. Mzee akavua tai yake, akamfunga nayo mkono.

"Ni kweli. Mimi ndiye nimewatupa hapa." Akampeleka hospitali mwenyewe, Sabato ikiwa imeanza. "Toka leo, mvua ikinyesha, laleni huko huko."

Mkono ulipopona tukarudi kazini. Ijumaa ya kwanza, Ekerenyo, yalianguka matone matano. Nikasema tulale.

"Hii si mvua, karani," dereva akasema. "Huu ni uvivu."

Aliendesha polepole hadi mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani akatupita. Tulifika jua limeshazama. Mzee alikuwa barabarani. Akatuangalia mmoja mmoja, kichwa mpaka viatu, ndipo akarudi ndani kusali.