Sharti la Tano

Karatasi ilitoka Dar es Salaam kwa basi, mfukoni mwa mkaguzi wa shule, na ilipofika Msamala, Songea, ilikuwa imekunjwa mara nne kama hirizi. Mwalimu Longino aliifungua kwenye meza ya kulia, akaisoma akiwa amesimama. Masharti ya kujiunga na shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta, mwaka wa masomo 1998.

La kwanza, awe na shahada yenye hisabati, isiwe chini ya daraja la pili la juu. Anayo. La pili, matokeo yatumwe na chuo chenyewe katika bahasha iliyofungwa. Hiyo ni kazi ya barua moja. Wadhamini wawili, la tatu, wapo. La nne, ushahidi kwamba mwombaji anajua kuandika programu. Hapo alicheka peke yake, maana Songea nzima hakuna aliyeteseka na programu kama yeye. Umeme wenyewe wa jenereta, unakuja na kuondoka bila kuaga. Mwalimu aliandika programu zake kwa penseli kwenye daftari la mraba, akazifuatilia mstari kwa mstari kwa kidole, kisha taa zikiwaka alikimbia mjini kwenye duka la kupiga chapa, ambako soko huria lilikuwa limeleta kompyuta mbili, akazichapa kabla giza halijarudi. Ratiba ya shule yao, walimu arobaini bila vipindi kugongana, ilitoka kwenye daftari lile.

Ndipo akafika la tano. Cheti cha kuzaliwa, kuthibitisha kwamba mwombaji hajafikisha miaka thelathini na mitano, na majina yafanane herufi kwa herufi na vyeti vyote vya shule. Kicheko kilikatika.

Mkewe Asumpta alikuwa mlangoni na ungo. "Kuna nini, Baba Aurelia?"

"Wanataka cheti cha kuzaliwa."

Asumpta akauweka ungo chini. Alijua. Alikuwa amefunga ndoa na Emiliani Rupert kanisani, na kesho yake akaamka mke wa Mwalimu Longino Hironimus.

Msimnyooshee kidole. Rika lile lilijaa watu wa namna hiyo, na wengine wanatia saini barua zenu mpaka leo. Emiliani alifeli darasa la saba mwaka 1977, na serikali haikuruhusu kurudia. Lakini kijiji cha pili, upande wa Mpitimbi, kulikuwa na kijana aitwaye Longino aliyeacha shule akafuata tumbaku Namtumbo, na jina lake likabaki kwenye daftari la mahudhurio bila mwenyewe. Mzee Rupert alikwenda kwa baba wa kijana, Mzee Hironimus, wakanywa, wakaelewana. Mwalimu mkuu akatazama pembeni. Emiliani akakaa kwenye dawati la Longino, akaitika "nipo" kwa jina la Longino, akafaulu.

Wiki ambayo majina ya waliochaguliwa yalibandikwa, Longino mwenyewe aliletwa kutoka Namtumbo na homa, akafa siku ya tatu. Miaka kumi na mitano. Msibani Emiliani hakufika, na mwaka uliofuata alikwenda sekondari.

Miaka ishirini ikapita hivyo, akiwa na aibu inayouma kama jino: ukilisahau halisumbui, ukiligusa unajuta. Sasa karatasi ilikuwa imeligusa. Kuacha hawezi. Mwaka ujao umri utakuwa umempita, na atazeeka akifuta ubao.

Karani wa vyeti mjini alimweleza kwa upole. Alete cheti cha ubatizo, au mzazi aliye hai aje kuapa. Cha ubatizo Mwalimu alikiogopa. Vitabu vya parokia huandika pembeni ya jina siku mtu alipofariki, na mapadre hawasahau. Mzee Hironimus alikwisha kufa. Alibaki mama wa kijana, Bi Benigna.

Alimkuta anapukuchua mahindi uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Umechelewa, Longino."

Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kufukuzwa, ila si kwa hilo. Akaeleza shida yake kwa maneno mengi kuliko ilivyohitajika: chuo, kompyuta, umri, karani. Bi Benigna aliendelea kupukuchua mpaka akamaliza.

"Nikaape kwamba wewe ni mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Na kwamba yu hai."

Punje zilidondoka kwenye ungo.

"Nitaapa," akasema mama. "Ila na mimi nina sharti langu. Moja tu, si matano. Msalaba wa kaburi lake pale nyuma hauna jina. Baba yake alitaka kuandika, nikakataa. Jina mlikuwa mmeliazima, lilikuwa bado linatembea. Ukishapata unachokitafuta, uje uniandikie. Mimi sijui kuandika."

Alikubali upesi mno. Nani asingekubali?

Mbele ya karani Bi Benigna alivaa kitenge kipya na hakutetemeka. Huyu ni mwanao? Ndiye. Alizaliwa lini? Tarehe kumi na nne Septemba, 1963, siku ya Msalaba Mtakatifu, nilikuwa shambani. Alibonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, kisha akamshika Mwalimu mkono na kumwachia doa la zambarau kwenye kiganja. Nje alimwita "mwanangu" mbele za watu, akamtengeneza kola. Mwalimu aliogopa, na hakuweza kusema anaogopa nini. Doa lile halikutoka kwa siku nne.

Barua ya kukubaliwa ilifika Julai. Asumpta alipiga vigelegele, kisha akasoma jina juu ya barua na vigelegele vikaisha. "Usiende kule kaburini," akasema. "Tuma mtu akaandike herufi."

"Nimeahidi."

"Basi mimi nilimwahidi Emiliani. Umwambie arudi."

Alikwenda na kopo la rangi nyeusi na brashi. Kaburi lilikuwa limefagiliwa, na pembeni yake ardhi ilikuwa imelimwa ikaachwa bila kupandwa, upana wa mtu aliyelala. Alipiga magoti akaandika kwa mwandiko wa ubaoni: LONGINO HIRONIMUS. Chini yake: Kuzaliwa 14.9.1963. Herufi zilitoka nzuri. Akaanza mstari wa tatu, akaandika Kufa, akachovya brashi tena.

"Hapo acha," Bi Benigna akasema nyuma yake.

"Mama, ilikuwa 1978. Ninaijua."

"Nimeapa mbele ya serikali kwamba mwanangu yu hai. Unataka nionekane mwongo?"

Upepo ulikuwa umetulia. Mwalimu alitazama herufi zake mwenyewe, zilezile zilizokuwa kwenye vyeti vyake vyote, herufi kwa herufi, kama walivyotaka.

"Sasa tarehe tutaandika lini, mama?"

"Utakaporudi."

Alifuta brashi kwenye majani, akafunika kopo. Rangi ilikuwa imebaki zaidi ya nusu, akataka kuirudisha mjini. Bi Benigna akamwambia aiache hapohapo chini ya msalaba, itatosha tarehe iliyobaki.