Mchanga Kwenye Meno ya Mbuzi

Siku ya mahari ya dada yangu, watu wote uani kwetu Ibanda walikuwa wakiangalia nyama. Mimi niliangalia vichwa. Mbuzi walikuwa wawili. Mmoja aliletwa na upande wa bwana harusi kutoka Kamanyola, alikolishwa nyasi za uwandani. Wa pili alikuwa wetu, amekulia nyuma ya jikoni kwa maganda ya ndizi na majani ya viazi vitamu.

Kazi yangu ya kumaliza chuo iliwachekesha wote nyumbani. Chakula huacha alama ndogo mno juu ya meno, na kwa hadubini unaweza kujua mnyama alikuwa anakula nini siku zake za mwisho. Nyasi huacha mistari mingi inayofuatana, majani laini huacha michache, punje ngumu huacha vishimo. Profesa wangu alikuwa na shaka. Kama mbuzi wako hawatofautiani, alisema, utaacha meno na kwenda kuhesabu magugu kwenye mashamba ya mihogo. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa na swali langu: tunajuaje kwamba nyasi ndiyo inayokwaruza, na si vumbi lililo juu yake? Kamanyola vumbi halikosi.

Katika ukoo wetu, kichwa cha kila mbuzi anayechinjwa siku ya mahari ni haki ya mjomba. Nikamfuata tonton, kaka mkubwa wa maman, aliyekuwa ameketi na kikombe chake cha kasiksi, pombe ya ndizi.

"Tonton, unipatie taya za chini."

"Za mbuzi ao zangu? Mimi nabakia na meno kidogo sana."

"Za mbuzi, tonton."

"Chukua. Za juu zinabakia mu supu yangu. Na usiende kusema ku université kama mujomba yako iko muchoyo."

Nikaziweka taya kwenye ndoo jikoni, nikarudi kucheza hadi viatu vikanishinda.

Asubuhi nilizikuta dirishani, nyeupe, zinang'aa kama sahani za wageni. Maman alinitazama kwa fahari. Nikamshukuru, nikakimbilia maabara.

Chini ya hadubini, mbuzi wote wawili walikuwa sawa. Mikwaruzo kila mahali, na yule wa maganda ya ndizi alimzidi hata yule wa uwandani. Nilianza kuyaona magugu. Lakini matokeo yakifanana mno huniwasha, basi nikageuza jino nitazame ubavuni, upande wa shavu, ambako hakuna jino linalosagana na jingine. Huko nako kulikuwa na mikwaruzo, tena ya mviringo. Hakuna mbuzi anayetafuna hivyo. Miduara ile niliijua: iko chini ya sufuria zetu zote.

"Maman, zile taya ulizisafisha na nini?"

"Na muchanga ya ku lac na majivu. Ao ulitaka nikuache uende na meno ya buchafu mbele ya ba professeur? Banaweza kuuliza, huyu mutoto ni wa nani?"

Mchanga wa ziwani! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipomweleza, alishika mdomo, kisha akafunga kitenge chake vizuri. "Twende kwa mujomba yako."

Tulipanda hadi Kadutu kwa miguu, mimi nikiwaza mbwa wa mtaa mzima. Tonton alitupokea mlangoni.

"Mifupa? Niliitupa ku toiture, imbwa zisifike. Supu ilikuwa muzuri, asante kwa kuuliza."

Huko juu ya paa taya zote mbili za juu zilikuwepo, ile kubwa ya Kamanyola na ile ndogo ya kwetu. Maman alizibeba mwenyewe, na tonton alipotaka kuzipangusa kwa shati lake, alimpiga mkono. "Usiguse. Hii ni science."

Safari hii nilitumia pamba na alkoholi tu. Meno ya Kamanyola yalikuwa na mistari iliyonyooka, yote imelalia upande mmoja kama nywele zilizotoka kuchanwa. Ya kwetu yalikuwa laini, mistari michache, vishimo hapa na pale. Nilimleta maman aone. Alianza kwa kufumba jicho lile lile la kutazamia.

"Hii njo ya kwetu?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa inakula muzuri," alisema, kama aliyesifiwa mapishi.

Siku ya kutetea kazi yangu, profesa aliuliza nililolitegemea: na vumbi je? Nikatoa taya za chini, nikaonyesha kilichofanywa na mchanga. Sikudai kwamba nimemaliza swali. Mchanga chini ya mkono wa mtu si mchanga chini ya ulimi wa mbuzi. Lakini angalau sasa tulikuwa na alama za mchanga za kulinganisha na alama za nyasi. Profesa alitazama kwa muda, akatabasamu.

"Na jaribio hili alilifanya nani?"

Kitenge kikasimama safu ya nyuma.

"Ni mimi, professeur. Na majivu kidogo."