Mikono ya Baba Kwenye Kona

Nyinyi vijana mnaopenda ndondi, mnamtazama anayepiga tu. Mimi humtazama yule wa kona, mwenye kitambaa.

Leo asubuhi mjukuu wangu alianguka mlangoni akapasuka paji, na mtu akafungua mkebe wa mafuta ya mgando. Harufu ikanirudisha kwenye ukumbi wa ndondi, nikiwa msichana mdogo. Kaka yangu alikuwa akipigana, baba kwenye kona yake, na alikuwa amepasuka juu ya jicho. Refa akasema damu ikishuka tena, anasimamisha pambano. Mama akaruka na leso.

"Mama watoto, kaa chini!" baba akamwambia. "Ukipangusa, unafungua."

Baba alikuwa mchongaji, mikono migumu, na hakuwa mtu wa kutushika. Salamu yake ilikuwa, "Mbuzi wamekula?" Lakini pale aliushika uso wa kaka kama wa mtoto mchanga, akafinya kidonda, akakipaka mafuta.

"Nitazame mimi," akamwambia polepole. "Niko hapa."

Kaka alishindwa kwa pointi, lakini alimaliza, na jicho alirudi nalo nyumbani.

Basi leo, watu wa nyumbani walipokuwa wakikimbizana na matambara, nikawaambia, "Wacheni kupangusa! Baba yake amshike uso, afinye, na nyinyi wengine mnyamaze."