Vijimkate vya Nyama na Haki ya Jirani

Mimi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishtua tena. Niliingia Maskati na begi moja lenye zipu mbovu, darasa la nne nimeliacha njiani, na leo nna karakana mbili za viyoyozi mtaani Hamriya. Wahandisi wenye vyeti ukutani huja kuniuliza mimi kwa nini mashine zao zinavuja maji. Nimeshadhulumiwa, nimeshaanguka ngazi, nimeshaumwa na nge ndani ya kiyoyozi cha mkubwa mmoja huku mwenyewe ananitazama. Nilimaliza kazi kwanza, halafu ndiyo nikauliza hospitali iko wapi.

Kwa hiyo wenzangu waliponiwekea sharti la kupika, sikushtuka hata kidogo.

Tulikuwa wanaume watano, sote tumezaliwa Unguja, sote tumechezea utoto kule na kutafutia riziki huku. Miaka ile ya tisini Alhamisi ilikuwa siku ya mapumziko, na kila Alhamisi baada ya alasiri tulikutana kucheza dhumna nyumbani kwa mmoja wetu, kwa zamu. Mwenye zamu analisha. Yaani mkewe analisha, yeye anapokea sifa.

Siku hiyo tulikuwa kwangu, tunakula katlesi za mke wangu, nami nikasema jambo ambalo hadi leo naamini ni kweli. Nikasema kupika ni kazi nyepesi, ila wanawake wanaifanya nzito ili tuwashukuru.

Nyuma ya pazia la jikoni sufuria zikaacha kugongana.

"Yakhe, hebu rudia," alisema mmoja wetu aliyekuwa karani wizarani. Huyu alikuwa hazungumzi ila kama anaandika hati.

Nikarudia, tena kwa sauti.

"Vizuri. Alhamisi ijayo si zamu yako, lakini tunakupa. Utulishe kwa mkono wako. Unga wako, moto wako. Mkono wa mwanamke ukigusa chochote tutakachokula, umeshindwa. Tukiinuka na njaa, umeshindwa vile vile."

"Nikishindwa?"

"Ijumaa utatupeleka sote na wake zetu hoteli kubwa ya Bustan, chakula cha mchana."

Kuwekeana fedha tuliona si halali, basi tukaiita ahadi. Na mimi nikishinda? Wakakubaliana kwamba watanisikiliza mwaka mzima bila ya kunikatiza, hata nikianza tena ile habari ya nge. Nikaona hiyo ni bei nzuri. Tukapeana mikono.

Nilikuwa nshajua nitapika nini. Wiki chache kabla nilikwenda kutengeneza kiyoyozi kwenye nyumba ya Wazungu fulani, na mpishi wao, dada mmoja wa Morogoro, alikuwa anapanga sinia ya vijimkate vidogo vya mviringo vilivyopasuliwa katikati na kutiwa nyama iliyokaushwa kwa moshi. Wenyewe wanaviita biskuti, lakini si biskuti ya kuchovya kwenye chai. Ni laini, vinatoa mvuke, na vimejaa siagi. Wageni wakija bila ya shughuli kubwa, hivyo ndivyo wanavyowapa. Nikanyoosha mkono.

"Mzee, hiyo usiguse!" akanipiga kofi la mkono. "Hiyo ni nguruwe ya madam. Mimi mwenyewe Mwislamu, zangu nazitia bata mzinga. Ziko kule."

Nilikula saba. Basi asubuhi baada ya lile sharti nikarudi kwake, nasingizia nakwenda kukagua gesi.

"Nifundishe kwa mdomo tu," nikamwambia. "Usishike kitu."

"Kwa nini?"

"Ni mambo ya sheria."

Akacheka mpaka akakaa. Lakini alinifundisha. Unga vikombe vinne, beking pauda vijiko viwili vikubwa, chumvi kidogo. Siagi iwe baridi kama moyo wa mwenye nyumba, uivunjevunje ndani ya unga mpaka iwe kama makombo. Halafu laban, maziwa ya mgando, yale yale ya kunywea wali na samaki, nayo baridi. Kata kwa mdomo wa bilauri, oka kwenye moto mkali. Vikitoka vya moto, pasua, paka siagi iliyochanganywa na haradali na asali, kunja kipande cha bata mzinga ndani, funika na kitambaa.

"Na usikande, Mzee. Ukikanda umeharibu."

Nikakanda. Miye nimezoea kukaza nati, mkono wangu haujui kuacha kitu kilegee. Vile vya Jumanne vilitoka vigumu, kimoja nilikitupa kwenye pipa na paka akakimbia kwa mlio wake. Vya Jumatano sikukanda. Vilitoka vimeinuka, vya rangi ya dhahabu, vinapasuka vyenyewe. Nilivila peke yangu, nimesimama jikoni na singlendi, na wallahi nilijipongeza kwa sauti.

Alhamisi nikamtoa mke wangu jikoni tangu adhuhuri.

"Usiguse unga, usiguse moto, usiguse bilauri."

"Sigusi," akasema. Alikuwa mpole mno. Mwanamke niliyeishi naye miaka kumi na minane, nami sikulitilia shaka lile.

Saa tisa nilikuwa na vijimkate arobaini juu ya meza. Jikoni, dirisha lilikuwa wazi kabisa, na feni ndogo ya mezani inazunguka. Nilidhani nimeifungua mwenyewe kwa sababu ya joto. Nikaanza kupanga sinia.

Mke wangu akasimama mlangoni, mikono ameificha nyuma kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Bwana, harufu hii imefika mpaka mwisho wa uchochoro."

"Imefika kwa sababu ni nzuri."

"Ndiyo. Na bibi wa nyumba ya pili ameshauliza tunapika nini leo."

Hapo nikaacha kupanga. Sisi tumelelewa hivi: harufu ya chungu chako ikimfikia jirani, haki yake imeshaingia ndani ya chungu. Humpimi, wala humwambii njoo kesho. Na tulikuwa na majirani watatu wa karibu: yule bibi wa Kipemba wa nyumba ya pili, Wabalushi wa mbele yetu, na Mwarabu wa bara ya Omani aliyekuwa nyuma yetu.

Nikachukua sahani tatu, nikatia vijimkate vitatu vitatu.

"Mashallah," alisema mke wangu. "Wabalushi wako kumi na mmoja. Watagawana kwa wembe?"

"Wewe usiingilie."

"Siingilii. Nawahesabu majirani tu, unga sijaugusa. Mwenye karakana mbili, kwenye sahani atie vitatu. Haya, pengine ndiyo biashara inavyokua."

Nikatia kumi na viwili kwa Wabalushi. Basi nisingeweza kumpa bibi wa Kipemba vichache, akajua. Na Mwarabu wa bara ndiye mtu wa heshima kuliko wote. Nikazichukua sahani mwenyewe, mlango kwa mlango, nikasifiwa, nikaombewa dua, nikarudi nimejaa furaha. Kwenye sinia nikakuta vijimkate vinne.

Unga umekwisha. Bata mzinga amekwisha. Mlango unagongwa. Wenzangu wote wanne wameingia, karani mbele, wameshinda na njaa mchana kutwa makusudi.

"Salaam alaykum, mpishi!"

Nikawawekea kimoja kimoja, mie nikasema nimeshiba kwa kuonja. Walikimaliza kwa sekunde moja, kisha wakatazamana.

"Kitamu," alisema karani. "Kitamu sana. Kingine?"

"Vinakuja."

Nilikuwa nawaza nikimbilie mkahawa wa Mhindi wa chini nikanunue chochote, maana hata mpishi wake ni mwanamume, nilipogongewa tena. Alikuwa msichana wa Wabalushi na sahani yangu, na sahani haikuwa tupu. Nani kwetu anarudisha sahani tupu? Imejaa sambusa za moto. Sijaiweka chini, bibi wa Kipemba ameleta yake mwenyewe, imesheheni mkate wa kumimina. Halafu nyumba ya Mwarabu, sinia nzima ya wali na mbuzi, ukubwa wake mara tatu ya sahani niliyopeleka.

Nikasimama ukumbini na chakula cha kulisha harusi, na wanaume wanne wananyoosha shingo.

"Hicho nini?" aliuliza karani.

Ningeweza kukificha. Lakini kumficha mgeni mwenye njaa chakula kinachotoa mvuke mikononi mwako, hilo sijalifanya wala silifanyi. Nikakiweka mbele yao. Walikula mpaka wakalegeza mikanda. Karani alisubiri amalize mchuzi wa mwisho kwa kidole, ndiyo akauliza, "Sambusa hizi zimekunjwa na mkono wa nani?"

"Sahani ni zangu."

"Sikuuliza sahani, yakhe."

"Na mmeshiba, au hamkushiba?"

"Tumeshiba. Kwa mikono ya wanawake watatu. Hukumu imekwisha."

Wakaanza kugonga meza. Nikageuka jikoni nikamkuta mke wangu anaizima feni ile, na sasa ndiyo nikaona imeelekezwa nje, kwenye uchochoro.

"Umeifungua wewe?"

"Uliniambia nisiguse unga, moto na bilauri," alisema. "Feni hukuitaja." Kisha akainua sauti wamsikie ukumbini: "Na majirani zangu watatu nao waje Bustan. Wao ndio waliowalisha!"

"Hiyo ni haki!" wakajibu wote.

Ijumaa tulikuwa watu kumi na watatu kwenye meza ndefu, mke wangu amevaa dhahabu zake zote, bibi wa Kipemba anarudi kwa mara ya nne kwenye kamba wakubwa na kuniombea umri mrefu. Karatasi ya malipo ilipoletwa, karani aliipokea yeye na kuisoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma hati ya nyumba: riali mia moja na sitini na saba, na baisa mia tatu na kumi.